Uduvi wa Kwenye Ripoti

Rotterdam, 14 Oktoba 1986

Dadangu Johari,

Shikamoo, na salamu za mdogo wako zikufikie kabla baridi ya huku haijazigandisha njiani. Nimefika salama. Ile sweta uliyonifumia nimeivaa siku nne sijaivua. Mwenye nyumba wangu nadhani aiona ndiyo ngozi yangu.

Siku ile kwenye uwanja wa ndege uliniuliza, "Hasa waenda kusoma nini?" nami nikababaika mbele za watu. Sasa naweza kukujibu. Yaitwa tathmini ya athari kwa mazingira. Mtu akitaka kujenga kiwanda au gati, kwanza waje watu wanaojua maji na udongo na samaki, watazame kitaharibika nini na nani ataumia. Ndipo aambiwe jenga, au usijenge, au jenga kule. Kwetu sheria hiyo hatuna bado. Wafadhili wakitoa pesa hutuletea na wataalamu wao, wakakaa hoteli ya Nyali wiki tatu, wakaandika kitabu, wakaondoka. Pale ofisini kwetu nifanyapo kazi vimo vitabu kama hivyo, na hakuna aliyewahi kukisoma kimoja hadi mwisho. Mashine ya kupimia maji waliyotuachia ingali sandukuni, maana dawa zake zauzwa Ulaya tu. Ndiyo sababu wamenilipia masomo haya miaka miwili. Wataka angalau mmoja wetu ajue.

Jioni hupita bandarini. Kuna matangi ya mafuta kama yale manne ya bohari ya kampuni ya Kipungu nyuma ya nyumba yetu, ila haya hayana mwisho. Nikisikia harufu yake nakumbuka maji yetu. Wakumbuka mama alivyotushikisha leso, wewe pembe mbili na mimi mbili, tukiikokota majini kutanda uduvi? "Msikimbie," akisema, "uduvi hauna haraka." Mimi kaa akinigusa mguu tu, naachilia, uduvi wote unakwenda zake, nawe wanizaba kofi la mkono wa maji. Tangu mama afariki ukanilea wewe, sijapata kofi tamu kama lile.

Niandikie habari za maji. Usiache kitu.

Nduguyo,
Ghalib


Chaani, 20 Novemba 1986

Ghalib ndugu yangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu na ya nne nikamsomea jirani yetu Bi Kafedha, naye akauliza Waholanzi wala uduvi ama wala nini. Nijibie, maana haniachi.

Wataka habari za maji, haya. Bamvua la juzi maji yalitoka hata ungedhani hayarudi. Tukatanda mimi na Bi Kafedha toka asubuhi hata adhuhuri, tukapata beseni mbili za uduvi na kamba wa kutosha mchuzi. Kaa mmoja alinishika kidole nikalia kama wewe. Beseni moja tumeanika, ya pili nimeuza Magongo hata sikufika sokoni, iliishia njiani.

Elkana, yule mpangaji wetu wa Kisii aliye karani bandarini, wamkumbuka alivyokuwa akisema ule si samaki, ni wadudu? Sasa akisikia harufu ya kikaango abisha hodi mwenyewe. Amesema akienda kwao Disemba ataka kumpelekea mkewe Jerioth kibaba. Nimemwambia mkewe atamfukuza.

Soma, ndugu yangu. Pembe zako za leso nimemwachia Bi Kafedha azishike mpaka urudi.

Dadako,
Johari


Rotterdam, 26 Aprili 1987

Dada Johari,

Shikamoo. Naandika kwa haraka na moyo hauko mahali pake. Wiki iliyopita nilikutana na baharia mmoja wa Likoni, Ruwa jina lake, meli yao yapakua hapa. Tulipoamkuana kwa Kiswahili nusura tulie. Lakini akanambia amesikia kuwa bomba la Kipungu lilipasuka na mafuta yameingia majini Chaani, na kwamba watu hawatandi tena.

Ni kweli? Wewe hukunambia neno. Tangu siku ile sisomi. Mitihani ni Juni, na nikianguka wananirudisha nyumbani. Nimewaza hata kuacha masomo nirudi nikusaidie, kwa maana kama maji yamekufa, wewe wala nini? Nijibu upesi. Nikisikia ni kweli nitakata tiketi.

Ghalib


Chaani, 11 Mei 1987

Ghalib,

Uache masomo? Nisikusikie tena. Mabaharia tangu lini wakawa watu wa kuaminiwa? Mafuta kidogo yalimwagika, wakayapangusa, yakaisha. Maji mazuri. Uduvi upo. Mimi ni mzima wala sijakosa kitu.

Siku hizi nauza na chai na mahamri pale Magongo, madereva wa malori wanipenda. Ni kwa kujipa shughuli tu, usifikiri vingine.

Fanya mtihani wako.

Dadako,
Johari


Rotterdam, 7 Februari 1988

Dadangu mpenzi,

Shikamoo. Tangu nipate barua yako ile ya Mei nililala usingizi wa mtoto, nikafaulu, alhamdulillahi. Sasa nina habari njema, ila sitakwambia mpaka iive.

Kwa leo nataka unisaidie kazi ya chuo. Nijibu kama unavyojua wewe, usiogope urefu: Kwa mwezi mwatanda siku ngapi? Mwapata kiasi gani bamvua na kiasi gani maji mafu? Ni samaki gani wangalipo, na je, tangu Kipungu waje mwaka wa themanini na moja wamepungua? Watoto waogelea? Huku wana vitabu vya kila mto wao, mwaka baada ya mwaka, hata idadi ya bata. Juu ya maji yetu nimetafuta maktaba nzima nikapata karatasi mbili za mwaka 1979. Mwenye kujua ni wewe tu.

Nduguyo,
Ghalib


Chaani, 2 Machi 1988

Ghalib mpenzi,

Marahaba, mwenye kufaulu. Nilipopata ile habari niligawa mahamri bure, madereva wakadhani nimeolewa.

Haya, kazi yako ya chuo. Twatanda siku kumi na mbili kwa mwezi, sita bamvua la mwezi mpya na sita la mwezi mpevu. Uduvi wa bamvua hujaa hata watoto wauchota kwa viganja. Unapopita majini wauhisi ukikutekenya miguuni kama mvua inayonyesha toka chini. Maji mafu twapata kibaba, viwili. Kamba ni wale weupe na wale wenye milia. Chaza wako kwenye mizizi ya mikoko, wawapiga na jiwe wala pale pale, na maji yake ya chumvi wanywa. Asubuhi, kabla jua halijapanda, maji huwa yametulia hata waona kivuli cha samaki chini kabla hujamwona samaki mwenyewe. Watoto waogelea, nani atawazuia? Wapiga mbizi toka juu ya ule mkoko ulioinama. Tangu Kipungu waje hakuna kilichopungua.

Nimeandika mpaka chai ikachemka ikamwagika. Ukitaka mengine uliza, nitakujibu. Wala si taabu, wallahi.

Dadako,
Johari


Chaani, 12 Agosti 1988

Ndugu yangu Ghalib,

Keti kwanza ndipo usome.

Wiki iliyopita kulikuwa na mkutano skulini. Tuliambiwa wafadhili wa ng'ambo wataka kuwapa Kipungu pesa waongeze matangi manane, na kwamba kuna wataalamu wamepima na watatusomea walichopima. Nikaenda na Bi Kafedha na Elkana. Mbele wameketi wakubwa wa serikali, watu wa Kipungu, na mzungu mmoja mrefu mwenye kitabu cha jalada la buluu. Yeye asoma Kiingereza, kijana mmoja afasiri.

Mfasiri akasema: "Mkazi mmoja, mwanamke aliyezaliwa hapa, aeleza hivi: uduvi wa bamvua hujaa hata watoto wauchota kwa viganja."

Ghalib, yalikuwa maneno yangu. Bi Kafedha akanigeukia, ajua sisi sote hatujashika uduvi mwaka mzima na zaidi. "Ni nani mrongo huyu?" akaniuliza.

Akaendelea. Kamba weupe, kamba wa milia. Chaza. Watoto na mkoko ulioinama. Watu wakaanza kunung'unika. Kisha mzungu akafunga kitabu akasema, na mfasiri akasema baada yake: "Kwa kuwa matangi manne yamekaa miaka saba na maji hayakudhurika, mengine manane yakijengwa vivyo hivyo hayatadhuru."

Nikainua mkono. Mkubwa mmoja akasema, "Mama, maswali ni mwisho."

Nikasema, "Mimi sina swali. Huyo mkazi mmoja ndimi."

Nikasimama. Nikasema: "Niliyoandika si ya leo, ni ya zamani. Bomba lilipasuka mwaka jana mwezi wa tatu. Hakuna uduvi, hakuna kamba, na mtoto akioga pale atoka na vidonda. Nilimwandikia ndugu yangu uongo asiache masomo. Yeye hakujua. Hana kosa."

Mkubwa akasema, "Keti! Wajua huu ni mradi wa mamilioni?" Elkana akanivuta nguo niketi. Lakini yule mzungu alikwisha kumwuliza mfasiri, na mfasiri akanambia, "Ataka kuonyeshwa maji."

Tukamchukua. Akavua viatu vyake, akakunja suruali, akaingia na fimbo. Akaizamisha matopeni, akaitoa nyeusi, akainusa. Aliporudi alitafuta mahali pa kufutia miguu, na Bi Kafedha akampa kipande cha gunia.

Mradi umesimamishwa. Wasema mpaka wapime upya. Watu wengine wananishika mkono njiani, wengine wasema nimewanyima kazi vijana. Hayo sijali. Elkana amenionyesha jina lako ukurasa wa kwanza wa kile kitabu, chini ya majina ya Wazungu. Hukunambia, Ghalib. Nami sikukwambia.

Niandikie hata kama ni kunitukana.

Johari


Chaani, 19 Januari 1989

Ghalib,

Hii ni barua ya tatu tangu ile. Ofisini kwenu nimeuliza, wamesema u hai na mwaka mmoja umeongezewa. Basi hilo latosha.

Vidonda vya miguu ya Bi Kafedha vyapona. Mvua za vuli zilikuwa chache.

Dadako


Rotterdam, 8 Machi 1989

Dada Johari,

Shikamoo. Nisamehe. Miezi saba nimekuandikia na kuchana. Zile za mwanzo zilikuwa za hasira, bora hukuziona.

Nikwambie yaliyonipata. Kampuni iliyopewa kazi ile ni ya hapa. Walitaka jina la mtu wa kwetu ndani ya ripoti, maana wafadhili siku hizi wahimiza hivyo. Wakanipa sehemu ya wakazi niandike. Nikaomba tiketi nije nione, wakasema fungu la safari limekwisha, andika kwa ulivyo navyo. Nilikuwa na karatasi mbili za 1979 na barua zako. Nilijivuna, dada. Nilisema moyoni, hawa wana mashine, mimi nina dada. Nilitaka siku moja nikuletee kitabu nikwambie, haya maneno ni yako.

Baada ya mkutano waliniita. "Habari hizi zilitoka wapi?" Nikasema, kwa mtu ninayemwamini. Wakafuta jina langu. Yule mzungu aliyetia sahihi kitabu kizima hakufutwa, wala hakuna aliyemwuliza kwa nini hakushuka majini kabla ya mkutano. Mwalimu wangu mmoja ndiye aliyenitetea nisirudishwe.

Nilikukasirikia kwa uongo wako. Kisha usiku mmoja nikazitoa barua zote nikazipanga kwa tarehe. Ya Mei themanini na saba ina mistari minane. Wewe, ambaye habari ya kaa mmoja waijaza nusu ukurasa! Mtu yeyote aliyesoma kazi hii angeuliza mbona fupi. Mimi sikuuliza, kwa sababu nilitaka iwe kweli. Tena nilikuficha kuwa ni ripoti. Ungejua, usingeandika vile.

Sasa nakuomba. Niandikie yote, toka siku ya kwanza. Ila nijibu na hili: Mei ulidanganya nisirudi, hilo naelewa. Machi mwaka uliofuata nilikwisha kufaulu. Mbona uliandika yale yote marefu?

Nduguyo,
Ghalib


Chaani, 2 Aprili 1989

Ndugu yangu Ghalib,

Marahaba, marahaba. Nililia mpaka wateja wakanihurumia.

Toka siku ya kwanza ni hivi. Jumatatu ya tisa Machi 1987, alfajiri, tuliamshwa na harufu. Tulipotoka nje maji yalikuwa meusi na yanang'aa, rangi kama za shingo ya njiwa, mazuri kuyatazama, Mungu anisamehe. Uduvi ulielea juu, mweupe, kama wali uliomwagwa. Siku ya pili samaki. Kipungu walileta watu wakamwaga mchanga ukingoni, wakaondoka. Bi Kafedha hakuamini, akaingia kutanda wiki ile, akatoka na malengelenge mpaka magotini. Ile leso ya mama ilishika mafuta haikutoka kwa sabuni wala kwa jua. Nikaichoma. Mwezi wa nne nikaenda Magongo kuuza chai, si kwa kujipa shughuli. Mikoko ya ukingoni ilianza kupukutika Agosti. Ule ulioinama ulikatwa kuni.

Sasa swali lako. Nimelikwepa siku tatu.

Mara ya kwanza nilidanganya kwa ajili yako. Mara ya pili kwa ajili yangu. Uliponiuliza twatanda siku ngapi, nilikuwa nimeketi kwenye benchi kando ya barabara, vumbi la malori limeingia mpaka kwenye unga. Nikashika kalamu niandike "hatutandi." Mkono ukaandika kumi na mbili. Baada ya hapo sikuweza kusimama. Kila nilichoandika nilikiona. Niliisikia baridi ya maji miguuni, nikamsikia mama nyuma yangu. Mwaka mzima sikuwa nimekwenda kwetu, Ghalib, na nyumba i pale pale nilalapo. Barua yako ndiyo iliyonipeleka. Nilipotia sahihi niliona haya, nikaitia posta mbio nisije nikaichana.

Sikujua kuna watu watajenga juu yake.

Dadako,
Johari


Nairobi, 15 Juni 1992

Dadangu Johari,

Shikamoo. Nasikitika kazi imenifunga Nairobi tangu Pasaka. Nimempa Elkana, aliyepita hapa akitoka kwao, bahasha hii akuletee mkononi, maana ni nzito.

Ni ripoti ya pili. Yote waijua, ulituona tukihangaika: dawa za mashine zilichukua miezi minane kufika, na gari tulipewa siku ya Jumanne tu. Lakini safari hii tulikuwa watatu wa hapa na wawili wa kwao, na tulipima misimu yote miwili. Mafuta yamo matopeni kina cha mkono hadi kiwiko. Wafadhili wamekubali matangi matano badala ya manane, yajengwe juu mbali na maji, yazungushiwe ukuta, na bomba la zamani ling'olewe. Fidia kwa waliokosa maji yao hawakukubali. Wasema haimo katika mkataba. Nimebishana nikashindwa. Kuhusu maji kurudi, naandika kama tulivyopima: si chini ya miaka ishirini.

Ukurasa wa arobaini na moja ni wako. Sikuandika mkazi mmoja. Nimeandika Johari binti Abdillahi, na maelezo yako mwaka baada ya mwaka, ya kabla na ya baada, kila moja mahali pake. Margret, mpiga chapa wetu, ameuchapa pia kwa Kiswahili ili usisomewe na mtu. Nambie kama nimekosea neno.

Nduguyo,
Ghalib


Chaani, 5 Julai 1992

Ghalib ndugu yangu,

Marahaba. Nimesoma mwenyewe. Siku mbili zimenitosha, nikisimama kila akija mteja. Kisha nikaenda kwa Bi Kafedha nikamsomea mlangoni kwake. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ndivyo," akaingia ndani akafunga mlango. Nilimngoja sana nje.

Hukukosea neno. Yote ni kweli, wala siipendi. Kile kitabu cha buluu kilinitia aibu mbele ya watu, lakini ndani yake palikuwa pazuri. Hiki chako ni cha haki na nimekiweka pamoja na msahafu, juu ya kabati, ila sidhani kama nitakifungua mara nyingi.

Sikuandikii kukuhuzunisha. Kuna jambo. Ng'ambo ya pili, upande wa Likoni, kuna watu wataka kujenga kiwanda cha saruji karibu na maji, na wafadhili wao watuma mtaalamu wiki ijayo. Jana walinijia wanawake watano wa huko, wamevuka feri kwa hilo tu. Mkubwa wao yuwaitwa Mwanaima, maji bado wanayo, uduvi waushika mpaka leo. Nimewapa chai. Akaniuliza, "Dada, huyo mzungu akija tumwambie nini?"

Nikamwambia, mwambieni yaliyopo leo, kama yalivyo, siku kwa siku, hata yakiwa machache, hata yakiwatia haya. Na aingie majini mwenyewe. Ya zamani msimpe, hatajua pa kuyaweka. Hayo ni yetu, tutaambiana wenyewe.

Basi wakakaa. Wakaanza kunieleza yao, nami nikawaeleza yangu, mpaka feri ya mwisho ikakaribia kuondoka.

Dadako,
Johari